Unyayo wa Ndinda

Jumamosi maji yakifika Tassia, tunaoga.
Ndinda hutoka karaini mbio,
hataki taulo, hataki mafuta,
na nyuma yake, kwenye saruji nyekundu,
huacha alama nzima kama chapati,
hazina pengo ubavuni,
kisigino na kidole gumba vimeshikana
kama ndugu wasiotaka kugawana shamba.

Nikasimama na taulo mkononi.
Alama ile naijua. Ni yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Mizunguko yote nimekimbia, pumzi bado ninayo,
meno yamehesabiwa, hakuna lililokosekana.
Kisha sajini akamwaga maji kwenye gunia,
akasema: Kanyaga. Sasa pale, pakavu.
Akatazama chini. Usoni hakunitazama.
Namba niliyoandikwa kifuani kwa kalamu nene
akaikata kwa mstari mmoja.
Na uwanja wenyewe unaitwa Nyayo!
Nilicheka peke yangu hadi Madaraka,
hapo nikaacha kucheka.

Basi nikaenda Gikomba kabla ya mama yake kuamka,
nikarudi na viatu vigumu vya ngozi,
ndani vina kigongo cha kuinua wayo.
Ndinda akavivaa hadi mlangoni.
Jioni nilikuta kimoja kimelaza mwanasesere,
amefunikwa leso, amelala vizuri.

Kliniki, Bi Chelagat wa tiba ya viungo
alimshika mguu kama anayepima embe sokoni,
akabonyeza, akaukunja, akauachia.
"Miaka mitatu? Hapa chini kuna mto wa mafuta,
amezaliwa nao, unaficha tao.
Mifupa mingine bado ni gegedu, haijaamua.
Kano zimelegea kama lastiki ya soksi kuukuu.
Mpe hadi miaka sita, minane, hata kumi.
Wapo ambao tao halitokei kabisa,
na wanatembea, hawaumwi, wanazeeka."
Nikasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Akacheka. "Tabia, baba. Si miguu.
Kiatu hakijengi tao. Mwache apekue,
akanyage nyasi, mchanga, godoro.
Akilalamika maumivu, au mguu ukikakamaa, mrudishe."

Kisha akaweka peremende juu ya kabati.
"Ndinda, chukua."

Ndinda akachuchumia.
Visigino vikaachana na sakafu,
vidole kumi vikashika saruji,
na chini ya ule mguu uliolala miaka mitatu
pakafunguka mwanya
wa kupita siafu, labda wawili wakifuatana.
"Umeona?" akauliza Bi Chelagat.
Niliona. Sikuwa na la kusema.
Peremende ikaliwa na karatasi yake kidogo.

Usiku ule stima ilikatika.
Mita yetu iko juu ya mlango,
aliyeijenga alikuwa mrefu au alikuwa na chuki.
Syombua akanishikia tochi ya simu,
akinisomea tokeni, nne nne,
nami peku, nimenyooka, nabonyeza.
Saba, sifuri, mbili, mbili.
Mwanga ukateremka ukutani, ukanifika miguuni,
ukabaki huko.
"Hapa juu, mama. Sioni."
"Baba Ndinda, usishuke."
"Kuna nini? Mende?"
"Una tao."

Nikabaki pale, kidole kwenye namba tano,
ndama za miguu zikianza kutetemeka,
mtu mzima wa miaka thelathini na sita
aning'iniaye mlangoni mwake.
Siku ile waliniambia kanyaga.
Hakuna aliyeniambia chuchumia.

Nikashuka. Likalala tena, kimya,
kama paka anayerudi mahali pake.
"Endelea," nikasema, "tulifika wapi?"
Akanisomea upya, tangu mwanzo.
Nikapanda.